Siku ya Kumi na Nne

4 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia. Goti la baba bado linamsumbua lakini fimbo hataki kuiona. Anasema ni ya wazee, na yeye ana sitini na tatu tu. Mama amepata kazi ya kushona sare za shule mbili na cherehani haipumziki. Mwanangu ameota jino la kwanza, analifanyia majaribio kwenye bega langu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Unaukumbuka mkusanyiko wetu wa mwaka jana, riwaya fupi nne za mapenzi ya likizo? Umelala. Nakala zilizorudishwa na maduka zimepangwa koridoni mpaka mlango wa choo haufunguki wote, na kila anayepita ubavuubavu kwenda kujisaidia ananiangalia. Mkurugenzi aliniita akaongea kwa upole, ule unaotisha kuliko kufokewa. Mkusanyiko wa mwaka huu ukilala tena, mfululizo unafungwa na meza yangu anapewa mtu wa vitabu vya kiada.

Wewe umekaa maktaba miaka thelathini na miwili ukiona watu wanaazima vitabu vya mapenzi na kuvirudisha. Niambie, kwa nini kimoja kinasomwa mpaka jalada linang'oka, na kingine kinarudi kesho yake? Nakutumia nakala za miswada minne niliyoichagua. Waandishi wa mitatu nawajua. Wa nne umekuja kwa posta, umepigwa kwa mashine ya taipu, hauna jina la mtu, una namba ya sanduku la posta peke yake. Nakwambia mapema kwamba huo ndio mzuri kuliko yote. Ni habari za msichana anayefanya usafi katika nyumba ya wageni kando ya ziwa, na mpima ardhi aliyekuja kupumzika siku kumi na nne. Kila sura ni siku moja. Kasoro yake ni kwamba umeishia siku ya kumi na mbili. Nimemwandikia mwenyewe kuomba zilizobaki.

Mimi Chiriku wako, ambaye bado naongea sana kama siku uliyonipa jina hili

*

27 Februari

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Kikohozi kimeondoka chenyewe baada ya kuona sikijali. Fundi amemaliza paa, ila ameacha ngazi yake ukumbini, na nahisi anakusudia kuja kuifuata kila saa ya chai mpaka mwaka uishe. Mwambie baba yako mimi namzidi miaka mitatu na fimbo ninayo, ya mti mzuri kabisa, watu wananipisha njiani.

Msomaji wa likizo si mvivu kama waandishi wanavyomdhania. Mkusanyiko unamchosha, kwanza, kwa kufanana. Riwaya nne, mvua ileile, busu lilelile ukurasa wa thelathini, harusi ileile mwishoni. Nilikuwa na msomaji wangu, muuguzi wa zamu, ambaye akirudisha vitabu hivyo alikuwa akisema, "Nimebadilishiwa nguo tu, mtu ni yuleyule." Halafu haraka. Riwaya fupi haina nafasi ya kukutanisha wageni, kuwapendanisha, kuwagombanisha, kuwapatanisha na kuwaoza. Wanaoijua kazi huanza na watu ambao tayari wana la kuambiana. Na kubwa kuliko yote ni kwamba likizo ina mwisho, na msomaji anataka asikie siku zikipungua kila anapofunua ukurasa. Kama wapenzi hawana cha kupoteza begi likifungwa, hao ni watu wawili wanaoota jua tu, na mtu hawezi kukesha nao.

Wa kwanza, ule wa daktari wa meno na mwalimu wa kuogelea, unachekesha. Uweke mwanzo, ila mwandishi apunguze macho maangavu. Nimeyahesabu mara ishirini na sita. Wa pili si riwaya fupi. Ni sura nne za riwaya ndefu zilizokatwa kwa kisu, na msomaji atajiona ametapeliwa. Wa tatu, wa mjane anayekata tiketi stesheni, usiuguse hata nukta.

Wa nne mrudishie mwenyewe.

Nibusie huyo mwenye jino,
Shangazi yako

*

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Jino la pili limetoka. Baba ameanza kutembea akishika ukuta, anasema anakagua rangi. Mwandishi wa muswada wa pili amekasirika lakini amekubali kuandika upya.

"Wa nne mrudishie mwenyewe." Hivyo tu? Mwalimu wa kuogelea umempa mistari, na huu umeupa maneno manne. Wakati kila ulichosema riwaya ya likizo inatakiwa iwe nacho, huu unacho. Siku zinasikika zikipungua. Yule msichana ana cha kupoteza, maana mwenye nyumba ya wageni ameapa kumfukuza mfanyakazi yeyote atakayeonekana na mgeni. Na ile siku ya tano, mpima ardhi anapojaribu kukunja shuka na kujikuta amejifunga nalo, nimecheka peke yangu ofisini.

Siku ya kumi na tatu imefika. Mpiga chapa wetu, ambaye haogopi hata mkurugenzi, aliiweka mezani kwangu akaenda kunawa mikono. Nilipoishika nikaelewa. Bahasha ilikuwa baridi. Karatasi zimejikunja pembeni kama zilizolowa zikaanikwa, na huku hakujanyesha tangu Desemba. Stempu haikugongwa muhuri wa posta yoyote.

Katika sura hii wawili wamekubaliana kukutana gatini saa kumi jioni, wavuke ziwa kwa mtumbwi, wasirudi. Lakini sura nzima tuko na msichana kwenye chumba cha mashuka. Amekaa juu ya furushi la nguo chafu, begi mapajani, anahesabu mishono myekundu kwenye foronya. Arobaini na moja. Sentensi ya mwisho inasema: "Saa ikagonga kumi, naye akaanza kuhesabu upya." Nimekuwekea nakala. Isome, kisha uniambie tena niirudishe.

Chiriku

*

11 Mei

Chiriku,

Ni mzima, kama mnavyoniombea. Nimechelewa kukujibu. Nilisema ni mvua, kisha nikasema ni macho, na sasa sina la kusingizia.

Muulize mwandishi wako mishono ile ameipata wapi. Chumba kilifungwa kwa ndani. Dirisha lilikuwa la kioo cha ukungu. Hamkuwa na mtu mwingine humo.

Usiichapishe. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe.

Shangazi

*

30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani salama. Baba amekuulizia mara tatu wiki hii, nikamwambia unasoma.

Nimesoma sura ile tena na tena. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chumba kilifungwa kwa ndani. Wala kioo cha ukungu hakimo. Wewe umevitoa wapi?

Nimefika kwenye posta yenye ile namba. Mwendo wa saa tano kwa basi. Ni chumba kimoja kilichopakwa chokaa, karani mmoja, feni moja isiyozunguka. Nikamwonyesha anwani. Akavaa miwani, akanipeleka nyuma mwenyewe, akaanza kusoma namba za visanduku kwa kidole mpaka kona ya ukuta. Vinaishia mia mbili.

"Hii yako ni mia mbili na kumi na tatu," akasema. "Hatujawahi kuwa nayo, dada."

"Lakini nimeandika kwa anwani hii mara mbili na nimejibiwa."

"Labda umejibiwa," akasema. "Ila barua yako haikupita hapa. Hapa kila barua naipitisha mimi."

Nilirudi ofisini nikakuta bahasha nyingine mezani. Mpiga chapa anasema hakuileta yeye. Ndani kuna karatasi moja yenye mstari mmoja uliopigwa taipu: "Siku ya kumi na nne sikuwepo. Mwulizeni aliyekuwepo."

Ombi lako nimelisikia, na sitachapisha bila idhini yako, hata meza iende. Lakini nakuuliza, Shangazi. Ulikuwepo?

Chiriku

*

2 Julai

Mwanangu,

Namshukuru Mungu nimeamka, na nimeamka nikiwa na nia. Baba yako msalimie, lakini barua hii isome peke yako kwanza. Yeye anajua mwaka ule nilikuwa nasomea ukarani. Wote wanajua hivyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilifanya kazi kwenye nyumba ile ya wageni msimu mmoja. Mpima ardhi yule alikuwepo, na shuka alijifunga nalo kweli. Kila kilichoandikwa kilitokea hivyohivyo, hata vile ambavyo sikumwambia mtu, yeye mwenyewe akiwemo.

Siku ya kumi na tatu sikushuka gatini. Niliogopa. Sikuwa nimemjua mtu yule ila kwa siku kumi na tatu, na nilimwona mama mwenye nyumba akizungukazunguka ngazini na funguo zake. Nilikaa pale kama ilivyoandikwa. Saa kumi na nusu dhoruba ikaja, ziwa likawa na sauti kama magari. Niliposhuka jioni, mtumbwi haukuwepo.

Asubuhi yake alikuja dada mdogo wa mpima ardhi. Alisema walikuwa wamepatana aje amchukue likizo ikiisha. Msichana wa miaka kumi na tisa, gauni la safari, mkononi ameshika mkate wa njiani. Akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikifagia mlangoni: "Kaka yangu umemwona?" Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yake.

Nikasema, "Nilimwona jana akishuka barabarani na begi lake."

Basi wakatafuta barabarani. Siku mbili, Chiriku. Watu walikwenda mpaka vijiji vya mlimani, wakauliza kila dereva. Siku ya tatu mvuvi akaukuta mtumbwi umepinduka kwenye matete, ubavu mmoja umekwaruzwa kwa kucha. Yeye hakuonekana. Nilihesabu wakati ule na nimehesabu kila mwaka tangu hapo: mtu akishikilia mtumbwi, anaweza kukaa muda gani?

Niliacha kazi, nikaja mjini, nikajifunza maktaba. Nimetoa vitabu vya mapenzi ya likizo kwa watu miaka thelathini na miwili bila kukisoma hata kimoja mpaka mwisho. Mwisho nilikuwa nikiulizia kwa wasomaji.

Karatasi ile imesema aulizwe aliyekuwepo. Nimeandika siku ya kumi na nne, nimeiambatanisha. Nimemweka yule dada na mkate wake, na nilichomjibu. Nimeandika pia kwamba kaka yake alinisubiri gatini tangu saa kumi, akalowa, kiza kilipokaribia akaingia ziwani kwa uchungu. Sikumwona, lakini ndivyo nilivyoishi nalo. Fanya utakavyoona.

Shangazi

*

21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Tuko wazima, na baba amenunua fimbo. Anasema ni ya kufukuzia kuku. Hatuna kuku.

Barua yako nimeisoma peke yangu. Sijamwambia mtu. Sijui niseme nini juu ya siku mbili zile, na nadhani hutaki niseme chochote, kwa hiyo nimenyamaza, mimi, Chiriku.

Nilifanya jambo la kikazi. Kwetu kila sura huchapwa nakala ya kusahihishwa ikatumwa kwa mwandishi. Sura yako niliituma kwenye sanduku lile lile lisilokuwepo. Niliitumbukiza kwenye boksi la barua nikijiona mjinga.

Imerudi baada ya siku nne. Baridi ile ile. Aliyeisoma ameisoma kwa makini, mpaka mkato mmoja ameuondoa. Kuhusu dada yake na jibu lako hakugusa neno. Kuna mahali pamoja tu penye sahihisho la maana. Ulipoandika "Alimsubiri gatini tangu saa kumi," pamekatwa kwa penseli, mstari mmoja mnyoofu kama uliopigwa kwa rula, na juu yake pameandikwa kwa mkono: "Aliondoka saa 8. Hakumsubiri."

Nilikaa na karatasi hii siku tisa. Nilitaka kuichana, nikaona nitakuwa naongeza uongo mwingine juu ya ule. Ninakutumia yenyewe, si nakala. Kuvuka ziwa lile kwa kasia ni saa tatu, nimeuliza. Dhoruba ilimkuta bado hajafika ng'ambo.

Shangazi, hakukusubiri. Alikuwa ameshakwenda wakati wewe bado unahesabu mishono.

Chiriku

*

10 Septemba

Chiriku,

Marahaba. Hongera kwa kuku wa baba yako.

Nilipoisoma nilikaa jikoni mpaka maji ya chai yakakaukia kwenye sufuria. Kisha nikacheka, na fundi wa paa aliyekuja kuifuata ngazi yake akaogopa akaenda zake. Miaka arobaini na minne nimemwona mtu yule amesimama kwenye mvua kwa ajili yangu. Kila mwanamume niliyekutana naye baadaye nilimlinganisha na aliyenisubiri. Kumbe alikuwa akinikimbia mapema ili asinikute njiani.

Nimeona pia kwamba kosa lake haliondoi langu. Alinikimbia mimi, lakini waliomtafuta barabarani niliwatuma mimi. Ni mambo mawili na kila moja linakaa kwenye kiti chake.

Ichapishe kama ilivyosahihishwa. Usimfanye anisubiri ili kumfurahisha msomaji. Iwe ya mwisho katika kitabu, baada ya yule mjane wa stesheni, maana baada ya hii mtu hatataka kusoma nyingine siku hiyo. Wakikuuliza kama ni hadithi ya mapenzi, waambie ni ya likizo.

Ila yule dada asiikute dukani. Namtafuta. Karatasi hii ninayo, nitaibeba.

Shangazi

*

3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto anatembea, amevunja kikombe na redio. Mama amemaliza sare, baba ameipa fimbo jina, nadhani ni dalili nzuri.

Kitabu kimetoka wiki ya tatu sasa. Korido iko wazi, mlango wa choo unafunguka wote. Maduka mawili yameomba nyongeza, na mkurugenzi ameniita tena, safari hii akiwa amesahau kuwa mpole. Barua za wasomaji zinakuja. Wengi wanamsifu mjane. Wanamcheka mwalimu wa kuogelea. Juu ya riwaya ya mwisho wanagombana: mmoja amesema ameitupa ukutani, kisha akaiokota akaimaliza. Mwingine, mwanamke, ameandika mstari mmoja: "Hii ndiyo pekee niliyoiamini." Hakuna aliyesema zinafanana.

Bahasha baridi hazijaja tena. Nilimtumia nakala yake ya kitabu, kama tunavyowatumia waandishi wote. Haikurudi.

Umenyamaza tangu Septemba. Ulimpata?

Chiriku

*

20 Desemba

Chiriku,

Ni mzima, na nimechoka kwa safari. Mpe mtoto pole ya redio, alikuwa na haki, ilikuwa inakoroma.

Nilimpata. Idara ya upimaji walikuwa na anwani ya zamani ya ndugu, na ya zamani ikanipeleka kwenye mpya. Ni mwalimu mkuu mstaafu. Anaishi peke yake, nyumba ya vyumba viwili, vitabu vimepangwa kwa urefu. Alinifungulia mlango, akaniangalia, na kabla sijasema jina akasema, "Wewe ulikuwa unafagia."

Tulikaa. Nikamwambia niliyoyasema mlangoni siku ile na sababu yake. Sikuipamba. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kama anasikiliza mtoto anayeungama darasani. Nilipomaliza akasema, "Siku mbili." Kisha akasema tena, taratibu, kama anaipima: "Siku mbili."

Nikampa ile karatasi. Aliishika akaiachia mezani, akajifuta vidole kwenye kanga, akaishika tena. Akaileta karibu na dirisha. Hakuyasoma maneno, aliiangalia ile 8.

"Ni viduara viwili vimepandana," akasema. "Mwalimu alimpiga kwa ajili ya nane hizi. Aliziandika hivi mpaka mwisho."

Nikasema sijui imeandikwa vipi wala na nani.

"Mimi najua na nani," akasema. "Na ni kweli hakuwa mtu wa kusubiri. Kila likizo alikuwa na msichana, na kila likizo aliondoka kabla ya saa. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuchukua mabegi aliyoyaacha. Ndiyo maana siku ile nilikuja."

Hapo ndipo nilipolia, na sikuwa nimepanga. Hakunibembeleza. Aliondoka akaniacha, akarudi na miwani ya kusomea, kitabu chetu kikiwa mkononi. Alikuwa nacho tayari. Alikuwa amekinunua wiki mbili kabla, kwa sababu ya picha ya ziwa kwenye jalada, akasoma mpaka siku ya nne akakiweka chini.

"Sauti yake iliniogopesha," akasema. "Kuna mahali anacheka?"

"Siku ya tano," nikasema.

"Nisomee."

Nikamsomea. Alifumba macho. Kwenye shuka alitikisika mabega, sikujua kama ni kicheko, sikumwangalia. Akataka tena, nikamsomea tena mpaka neno la mwisho, nikafunga kitabu.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Aliinuka akaenda kuwasha jiko. Nikaanza kutafuta viatu vyangu. Kutoka kule ndani nikamsikia akitoa vikombe kabatini. Kimoja, kisha akakawia sana, kisha cha pili.

Shangazi yako